Kilichosogea na Kilichokataa

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wetu wa darasa la jioni ametoa amri: kila siku andikeni kitu kimoja kilichosogea na kitu kimoja kilichokataa kusogea, na mseme kwa nini. Mpaka muhula uishe. Anasema hatasoma, atafunua kurasa tu aone kama zimejaa. Nikamuuliza, "Mwalimu, na siku ambayo mtu hakuona kitu?" Akanijibu, "Andika kwamba macho unayo, ila ni ya kupambia uso." Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka kuliko wote, maana ukichekwa, wahi kucheka wewe.

Shule ya mchana niliiacha katikati, au yenyewe iliniacha, kesi hiyo haijaamuliwa. Sasa mchana nasukuma mkokoteni na Mjomba. Una magurudumu mawili ya gari, jukwaa la mbao, na mipini miwili mirefu mbele. Mjomba ndiye mtu wa mbele, anashika mipini. Nyuma tuko wawili na kamba: mimi, ambaye ni nguvu, na Gunia, ambaye ni mzigo. Gunia ni jina la mtaani. Ukimwona anapanda ngazi, utaihurumia ngazi.

Kilichosogea leo: matofali, kutoka juu mpaka chini. Kwa nini: kwa sababu mimi nilikuwepo.
Kilichokataa: Gunia, baada ya kula.

Jumanne, 5 Machi

Mvua kutwa. Kilichosogea: maji. Kilichokataa: mama mdogo, kunipa chai ya pili.

Alhamisi, 7 Machi

Leo Mwalimu alinisimamisha nisukume dawati, juu yake amekaa yule dada mshona nguo. Mwanzoni likagoma. Nikakaza mgongo, likaondoka kwa kishindo, na likishaondoka likawa laini kama limepakwa mafuta. Mwalimu akasema kitu kilichotulia hupenda kutulia, na msuguano wa kuanzia ni mkubwa kuliko wa kuendelea. Nikamwambia, "Mwalimu, hayo mimi nayajua na miguu yangu. Kazi ni kuondoka. Ukishaondoka, umemaliza."

"Na kusimama je?" akaniuliza.

"Kusimama si unaacha tu kusukuma?"

Mshona nguo akasema, "Mwulize kidole changu." Kweli dawati lilikuwa limekwenda mpaka ukutani na mkono wake ukiwa pembeni. Nimemwomba radhi. Mwalimu akaandika ubaoni: kilicho mwendoni nacho hupenda kuendelea. Hakuniangalia, lakini nilijua ni mimi naandikiwa.

Jumatano, 13 Machi

Kuna mteremko mmoja kutoka karakana za juu kuja sokoni kwetu. Sisi tunauita Sabuni. Wakati wa jua ni mteremko tu, mvua ikinyesha unakuwa sabuni. Magari yameacha kushuka kwa sababu maji yamekula nusu ya barabara, kwa hiyo kila mzigo wa kushuka ni wetu. Mvua ni baraka, waulize wenye mikokoteni.

Kushuka kunakwenda hivi. Mtu wa mbele anaingia kati ya mipini, anaupa mkokoteni mgongo, anaegemea nyuma na kuchimba visigino. Yeye ndiye breki. Sisi wa nyuma tunauvuta kwa kamba usimkimbilie. Pembeni liko gogo la kutupia chini ya gurudumu mkitaka kupumzika. Mkokoteni ukimshinda mtu wa mbele, haumsubiri apishe. Unampitia juu.

Leo Mjomba ameshuka na saruji kwenye utelezi huku mpini wa kulia ameukumbatia kwa kiwiko, mkono wenyewe ananing'iniza tu kama mtu anayetembea sokoni. Madaha hayo! Nimejaribu na mimi kushika kamba kwa kiwiko. Gunia akaniuliza kama nimetegua bega.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeomba nishike mbele. Nimenyimwa.

Jumatano, 20 Machi

Andika vizuri, kalamu, maana leo nimeshinda. Jana tulisoma msuguano: nyayo na ardhi zikikwaruzana ndipo mtu anapata pa kukanyagia, maji yakiingia katikati, zinaachana. Asubuhi nikachota mchanga kwa wajenzi, nikaumwaga kwenye Sabuni pale penye kona. Gunia akacheka: "Unapanda mpunga?" Tukashuka na mabati. Kwenye kona visigino vya Mjomba vikauma ardhi kama meno. Nikamgeukia Gunia. Nikamwambia, "Vuna basi."

Nikaona hapo hapo ndipo pa kuomba. "Mjomba, kesho nipe mipini. Akili ninayo, mgongo ninao."

"Mdomo unao," akasema. "Mipini haiombwi."

Ndivyo ilivyo kwenye kazi hii. Mtu wa mbele akiwa bado amesimama kwa miguu yake, hakuna anayegusa mipini. Yeye mwenyewe ndiye humwita wa kumrithi, siku anayotaka, mbele ya wenzake. Ukiomba unaonekana unamchimbia mtu kaburi naye anakutazama.

Mimi naomba hivyo hivyo. Asiyeuliza atapewa nini?

Alhamisi, 21 Machi

Nimeomba. Nimenyimwa. Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Nyumbani kuna shangwe. Mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu aondoke duniani, amepata mashine ya kusaga. Ni ya mkono wa pili, chuma kitupu, fundi wa karakana za juu amemfungia mota. Miaka yote anafua nguo za watu. Sasa anataka kukaa mlangoni kwake, asikilize chuma kikifanya kazi badala ya mgongo wake. Fundi anahama mwezi ujao, kwa hiyo lazima ishuke kabla mvua hazijaisha.

Mjomba ni kaka yake. Amesimama katikati ya ua akajipiga kifua: "Mashine ya dada yangu nitaishusha mimi kwa mgongo wangu. Hakuna mwingine atakayeingia kwenye mipini siku hiyo." Alikuwa ananitazama mimi.

Nikasema, "Na ukiteleza?"

"Nikiteleza utakuwa umeniroga."

Jumanne, 2 Aprili

Nimeomba. Gunia amenijibu kwa niaba.

Ijumaa, 5 Aprili

Kitu cha ajabu. Mjomba alikuwa anafunga bomba la uani. Anazungusha, maji yanaendelea kutoka. Anazungusha, yanatoka. Nikadhani bomba limeharibika. Akaangalia huku na huku, hakuniona, akalifunga kwa mkono wa kushoto, likafungika mara moja.

Kilichokataa: sijui niandike bomba au niandike nini.

Jumanne, 9 Aprili

Mikono inaniuma na kalamu inateleza, lakini leo lazima niandike.

Tulikuwa na mchanga uliolowa, mzigo mzito kuliko unavyoonekana. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Tukafika kwenye kona ya Sabuni. Nikaona mpini wa kulia unapanda. Haukupanda kwa sababu ya shimo. Ulitoka mkononi mwa Mjomba taratibu kabisa, kama samaki anavyotoka. Mkokoteni ukageuza pua, ukaanza kukimbia.

Nikavuta kamba kwa nguvu zangu zote, zile ninazojisifia. Kamba ikanivuta mimi. Mwalimu alisema ukikivuta kitu nacho kinakuvuta vile vile, nikamwona anatunga. Basi nenda kaulize ngozi ya viganja vyangu, imebaki kwenye katani ya kamba. Nilikuwa nateleza wima kama mtoto anayevutwa na mbuzi.

Gunia hakuvuta. Gunia alikaa. Alijizungushia kamba kiunoni, akaketi kwenye tope na miguu mbele, uzito wote ule, akawa nanga. Mkokoteni ukapungua mbio, na Mjomba akausukuma kwa ubavu ukaingia mtaroni. Mchanga ukamwagika wote. Mjomba alikuwa amekaa kati ya mipini, gurudumu liko jirani na paja lake.

Tukatazamana. Chini pale wauza mboga walikuwa wamesimama, kila mmoja na kitu chake kifuani.

Mjomba akainuka akasema, "Nani amelegeza kamba?"

Nikamwonyesha viganja. Akaviona. Akasema tena, lakini si kwa sauti ile ya kwanza: "Kamba ililegea. Mvua hii."

Gunia alikuwa anajipangusa matope. Nilimngoja aseme. Alimtazama Mjomba, akanitazama mimi, akasema, "Mvua kweli."

Nimemsema Gunia vibaya kwenye kurasa hizi. Sifuti, kwa sababu kufuta kunachafua karatasi. Lakini bila makalio yake leo tungekuwa msibani.

Jumatano, 10 Aprili

Nimemuuliza Mwalimu: kitu kikienda mbio mara mbili, kukisimamisha kunataka nafasi mara mbili?

"Mara nne," akasema. "Kwa breki ile ile, mara nne."

"Na kikiwa kizito mara mbili?"

"Breki isipoongezeka, nafasi inakuwa mara mbili. Una gari siku hizi?"

Nikamwambia nina Mjomba. Wakacheka. Mimi sikucheka. Mashine ya mama mdogo ni nzito kuliko mchanga wa jana, na breki yake ina mkono mmoja.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimemwambia mama mdogo. Nilisubiri awe peke yake, anaanika nguo chini ya paa. Nikasema mkono wa kulia wa Mjomba hauna nguvu, nimeuona, asiingie kwenye mipini na mashine.

Akaendelea kukamua shuka. "Na aingie nani?"

"Mtu mwingine."

"Mtu mwingine mwenye mdomo mrefu, siyo? Mwanangu, tangu mvua zianze wimbo wako ni huo mmoja. Nipe mbele, nipe mbele. Sasa umeona mlango haufunguki, unamvunja mkono mjomba wako kwa maneno?"

Nikaenda kwa Gunia. "Gunia, wewe uliona."

"Niliona mvua."

"Gunia!"

"Dogo, mtu huyu ameniweka kazini wakati kila mtu ananiita mzigo. Wewe ukiwemo. Nimwambie nini? Na nikisema, nani atafaidi? Wewe."

Hilo ndilo linalonizungusha kichwa. Ningekuwa nimekaa kimya mwezi mzima, leo wangenisikiliza.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemuuliza mwenyewe. "Mjomba, mkono wako una nini?"

"Una vidole vitano. Wako?"

Sikuomba mbele leo.

Jumamosi, 20 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu, kila kitu mahali pake.

Asubuhi tulipakia mashine. Mafundi wanne wa karakana walisaidia kuinua, Mjomba akaifunga kwa kamba na mnyororo, meno yakisaidia mkono. Mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyolowesha mtu ila inalowesha njia. Mama mdogo alikuja na mwavuli wake na kitenge kizuri kama anakwenda harusini. Tukaufikisha mkokoteni ukingoni mwa Sabuni. Gogo likawekwa chini ya gurudumu. Gunia akashika kamba nyuma, na mama mdogo nyuma yake. Mjomba akaingia kati ya mipini.

"Haya, dogo, toa gogo."

Nikaenda mbele kwenye gurudumu. Badala ya kulitoa gogo, nikalikalia. Mgongo kwenye gurudumu, miguu kwenye tope, uso kwenye mteremko.

"Toa gogo, nimesema."

"Sitoi."

Gunia akapaza sauti kutoka nyuma, haoni kitu kwa ajili ya mashine: "Kuna nini huko?"

"Mtoto amekaa," Mjomba akajibu.

"Amekaa amefanya nini?"

"Amekaa tu!"

"Mwambie ainuke, tutamsaga kabla mashine haijapata umeme!"

Mama mdogo naye: "Wewe mtoto, usiniaibishe mbele za watu. Inuka!" Na kweli watu walianza kusimama, fundi mmoja akaniuliza kama nataga.

Mjomba akatoka kati ya mipini, akaja mpaka kwangu, akainama. "Ni mipini unayotaka? Leo? Kwenye mashine ya mama yako?"

"Siitaki. Niinue kwa mkono wa kulia, naondoka. Siombi mbele tena mpaka nife."

Alinitazama. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye ndevu. Akatoa mkono wa kulia, akanishika kifundo cha mkono, akavuta.

Sikukaza. Naapa kwa roho ya mama yangu, sikukaza hata kidogo, nilijilegeza kama nguo. Vidole vyake vilikuwa pale kwenye kifundo changu, navihisi, vya baridi, halafu havikuwepo. Akanishika tena. Vikatoka tena. Mara ya tatu hakuvuta. Aliuacha mkono juu ya wangu tu, na nikaona uso wake nisiouona siku zote. Mjomba ni mtu mkubwa. Mimi nilikuwa nadhani watu wakubwa wakiogopa hukasirika. Kumbe kuna wakati hata hasira hawana.

"Mvute huyo!" Gunia akapiga kelele. "Umwonee huruma ya nini?"

Nyuma hakuna aliyeona. Wote walidhani mimi ndiye ninayejinyakua. Nilikuwa na maneno mdomoni, tayari kabisa: njooni muone. Wangekuja, wangeona, na mimi ningekuwa mkweli wa mtaa mzima. Wiki nzima nimeitwa mwongo.

Mama mdogo akaja na mwavuli. "Kuna nini hapa?"

Mjomba akainamisha uso.

Nikasema, "Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa Sabuni. Tangu siku ile ya mchanga. Nikishika kamba nyuma bila Mjomba karibu yangu, nitaiachia. Namtaka Mjomba akae nyuma na mimi."

Kikazuka kicheko. Mafundi walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Gunia alitoka nyuma kuja kunitazama, mikono kiunoni: "Huyu? Huyu wa nipe mbele, nipe mbele? Jamani, simba wetu kumbe wa kuchora!" Mama mdogo hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wa kaka yake, uliokuwa bado juu ya kifundo changu, haujashika chochote.

Mjomba akanyooka. Akakohoa. Akasema kwa sauti ya kila siku, "Mwoga akiwa kwenye kamba, tutakufa wote. Gunia. Ingia mbele."

Gunia akaacha kucheka. "Mimi?"

"Nimekuita. Au wewe nawe unaogopa?"

Nisiseme uongo: lilipotajwa jina la Gunia, kitu kilinichoma hapa kifuani. Nilijua ndiyo sawa, uzito wake ndio breki tunayotaka. Lakini lilinichoma.

Gunia akaingia kati ya mipini kama mtu anayeingia msikitini, mguu mmoja mmoja. Nikainuka, Mjomba akalichukua gogo kwa mkono wa kushoto akakaa ubavuni mwa gurudumu. Mimi na mama mdogo na fundi mmoja tukashika kamba. Nikamwambia Mjomba kwa sauti ndogo yale ya mara nne: usiuache ushike mbio hata kidogo, tusimame kabla hatujahitaji kusimama. Ndivyo alivyofanya. Hatua chache, "Gogo!" tunasimama. Hatua chache, "Gogo!" Mvua inatunyeshea, Gunia anahema kama mota, watu wanatusindikiza kwa kejeli: "Shikilia, mwoga! Mjomba yupo hapo!"

Kwenye kona visigino vya Gunia vikapoteza ardhi. Nilichungulia ubavuni mwa mashine nikamwona anashuka, mabega yanazama, na mkokoteni unamfuata. Kamba ikakaza ikalia. Mama mdogo akatupa mwavuli, akakaa kwenye tope na kitenge chake cha harusi, miguu mbele, nami nikakaa, fundi akakaa. Mjomba akalisukuma gogo kwa mguu, gurudumu likalipanda nusu, likatikisika, likafikiria. Likarudi.

Hakuna aliyecheka tena.

Kilichosogea leo: mashine ya mama mdogo. Iko mlangoni, imefunikwa turubai.
Kilichokataa: mimi.

Jumatatu, 22 Aprili

Mtaani naitwa Mwoga. Hata mwuza vocha. Mjomba hasemi nami.

Jumatano, 24 Aprili

Mashine imewashwa. Mama mdogo amejaa unga mpaka kope. Mjomba hasemi nami.

Jumatatu, 29 Aprili

Gunia anashika mbele kila siku. Leo kwenye mapumziko alinikatia nusu ya mkate wake, kitu ambacho hajawahi kumfanyia binadamu. Akasema huku anatazama kwingine, "Siku ile niliona. Si mvua." Nikamwambia kula mkate wako.

Ijumaa, 3 Mei

Asubuhi jua limetoka, Sabuni imeanza kuwa mteremko. Nilikuwa napiga mswaki uani, Mjomba akaniita kutoka chumbani kwake. Sauti ya kawaida tu, kama anaomba kiberiti.

Nikaingia. Alikuwa amekaa kitandani amevaa suruali nzuri na shati jeupe, shati liko wazi mpaka tumboni. Mama mdogo amekwisha kwenda kwenye mashine.

"Nifunge vifungo," akasema. "Nakwenda hospitali waniangalie mkono."

Nikapiga magoti nikaanza cha chini. Nikafunga kimoja kimoja. Alikuwa anapumua juu ya kichwa changu. Nilipofika cha shingoni akainua kidevu kama mtoto anayevalishwa sare.

"Vaa viatu," akasema. "Twende wote. Naogopa."